Mgomba Kaburini

Kaburi lilikuwa limechimbwa hadi kiunoni, kisha majembe yakasimamishwa. Ndani yake, mahali ambapo Mulwa angelazwa, palikuwa na mgomba uliokatwa jana, umelala chali na majani yake yameanza kunyauka. Kaburi lililo wazi haliachwi tupu. Lisipopewa kitu litajitafutia mtu. Ndivyo walivyosema watu wa Ndithini, na hata wale vijana wa simu za bei kali waliokuja kuchimba hawakuthubutu kubisha.

Hidaya Abdulghani alisimama ukingoni, buibui lake amelikunja kidogo lisiburure vumbi. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyefanya kazi ya upelelezi serikalini mpaka akachoka kuamriwa cha kuona, akarudi Machakos mjini na kufungua ofisi yake juu ya duka la viungo la kaka yake. Watu walipanda ngazi kumwona wakiwa wananuka iliki, wakashuka wakiwa wamesema zaidi ya walivyokusudia.

"Mgomba huu utatoka lini?" aliuliza.

"Utatoka ukishaniletea shahidi, Madam," akajibu Ndunda. "Halafu hii shimo tunafukia."

Ndunda alikuwa amepita miaka sitini, mwenye nyumba za kupangisha kule Mlolongo, na viatu vyeusi ambavyo vumbi la Ndithini lilikuwa limeshavinyang'anya rangi. Ndiye aliyemwita Hidaya, na ndiye aliyesimamisha majembe.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Wakamba hawakuwa na wafalme, lakini enzi za mkoloni mtu wa huku akitaka kujua mfalme anafananaje, alimtazama Chifu Mutuku. Alikuwa na kiti chake kilichobebwa nyuma yake popote alipokwenda, na alipokohoa baraza lilinyamaza. Chifu huyo alikuwa na wake wawili. Wa kwanza, Kamanthe, hakujaliwa mtoto. Wa pili, Mbula, alimzaa Ndunda. Lakini katika nyumba ya Kamanthe aliishi pia msichana aitwaye Kavindu, na Kavindu alimzaa Mulwa kabla hata Mbula hajaletwa. Tangu siku Mulwa alipojifunza kutembea, watu walimwita mwana wa chifu. Sasa Mulwa alikuwa amefariki, mwili uko chumba cha maiti Machakos, na binti yake Syokimau alitaka kumzika pale boma la chifu, karibu na kaburi la Kavindu.

"Kesho wazee wa ukoo wanakaa hapa," alisema Ndunda. "Wakisema azikwe, ameshapata shamba. Kaburi ni mti haung'oki. Na huyo hakuwa wa hapa. Tumepima."

Alitoa bahasha mfukoni na kuipiga kofi. Syokimau mwenyewe ndiye aliyekubali kipimo cha DNA, kwa kuwa hakuwa na shaka hata chembe. Walichukua sampuli ya marehemu, Ndunda akatoa mate yake, na majibu yakarudi kwamba wawili hao hawakuwa na baba mmoja. Msichana wa watu alilia siku mbili, si kwa msiba tena bali kwa kunyang'anywa babu.

"Kama kipimo kimesema, mimi wanitakia nini?"

"Wazee hawasikizi karatasi. Wanasikiza mdomo. Nataka mtu aseme Kavindu alikuwa mfanyakazi tu, mimba alitoka nayo kwao. Wewe uko na njia ya kutoa watu maneno."

"Mzee Ndunda, nitakuletea nitakachokipata. Unachokitaka ni bidhaa ya duka lingine."

"Ni sawa," akasema Ndunda kwa upesi wa mtu asiyeona njia nyingine. "Utapata tu hiyo."

Kazi ya Hidaya ilikuwa na kanuni moja iliyowaudhi wengi: kila mtu akimwambia jambo, aliuliza, nani alikuambia? Aliyeona alimweka kulia, aliyesikia akamweka kushoto. Katika kesi hii, tangu asubuhi, upande wa kulia ulikuwa hauna mtu.

Akaanza na wasiosema. Makaburi ya boma lile yalikuwa nyuma ya nyumba ya zamani ya mabati. La chifu lilikuwa la saruji, pana, lina msalaba wa chuma uliopakwa rangi ya fedha. Kando yake palikuwa na nafasi iliyosafishwa magugu.

"Hapa ni pa nani?"

"Pa mama yangu, siku Mungu atataka," akajibu Ndunda aliyemfuata.

Mbali kidogo na hapo palikuwa na makaburi mawili ya udongo, yamezungushiwa mstari mmoja wa mawe yaliyopakwa chokaa. Hidaya aliinama. Hakukuwa na mawe katikati ya makaburi hayo mawili. Uzio mmoja, walalao wawili. Shimo la Mulwa lilichimbwa karibu na miguu yao.

"Kamanthe ni yupi na Kavindu ni yupi?"

"Huyo wa kulia ni Mama Kamanthe. Huyo mwingine ndiye mfanyakazi."

"Nani alikufa kwanza?"

"Kavindu."

"Na nani alionyesha mahali pa kumzika?"

Ndunda alikuna shingo. "Nasikia ni Mama Kamanthe. Akasema yeye pia akienda, alazwe hapo hapo."

"Chifu alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Hakusema kitu."

Hidaya alisimama, akajipangusa magoti. Mfanyakazi akifa hurudishwa kwao. Na kama alikuwa kimada wa chifu, ni mke gani mkubwa atakayezungushiwa uzio mmoja na kimada wa mumewe hadi siku ya kiyama? Alimtazama Ndunda aone kama naye ameliona hilo. Ndunda alikuwa akitazama simu.

Ndani ya nyumba, Syokimau alikuwa akiwamiminia chai akina mama wa mazishi waliokuwa hawana mazishi. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwembamba, na macho yaliyovimba. Alimpeleka Hidaya mbele ya picha mbili ukutani.

"Angalia, mama. Angalia tu mwenyewe halafu uniambie."

Picha ya kwanza ilikuwa ya chifu na kofia yake ya kazi, mikono nyuma, kidevu juu, mguu mmoja mbele. Ya pili ilikuwa ya Mulwa siku ya kufungua bwawa la mchanga: mikono nyuma, kidevu juu, mguu mmoja mbele. Mtu angeweza kuapa. Hidaya mwenyewe alikaribia kuapa, kisha akasogea na kuziba kwa kiganja kila kitu isipokuwa uso. Akafanya hivyo kwa picha ya kwanza, kisha kwa ya pili. Masikio yalikuwa mbali na mbali. Pua zilikuwa za watu wawili wasiojuana.

"Baba yako alilelewa hapa bomani?"

"Hapa hapa. Babu alikuwa anaenda baraza, baba anabeba kile kiti."

Hidaya alitikisa kichwa polepole. Mtoto anayembeba mtu kiti kila siku hujifunza kusimama kama yeye. Picha zile zilizowalisha watu uvumi kwa miaka zilithibitisha jambo moja tu, kwamba Mulwa alimpenda Mutuku.

"Watanizuia nimzike baba yangu?" aliuliza Syokimau. Alisema kwa sauti ndogo ili akina mama wasisikie. "Kama si hapa, nampeleka wapi? Hakuna mahali pengine anajulikana."

"Sijui bado," akasema Hidaya, na alichukia kusema hivyo.

Barazani, kwenye mkeka, Mama Mbula alikuwa akichambua mbaazi kwenye ungo. Mgongo ulikuwa umepinda, lakini vidole vilikimbia: nzima huku, zilizotobolewa kule. Hidaya alichuchumaa mbele yake.

"Mwaitu, hujambo?" alimsalimu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Niko."

"Nauliza juu ya Kavindu. Alikuja vipi hapa?"

"Alikuja na miguu."

"Nani alimleta?"

Mbaazi iliyotobolewa ikarushwa kwa kuku. "Mimi sikuwa nimeolewa. Siwezi sema ile sikuona."

Hidaya alitabasamu bila kukusudia. Hatimaye mtu wa kanuni yake.

"Na nani aliona?"

Bibi yule alinyanyua macho. Yalikuwa yamefunikwa na utando wa uzee, lakini yalijua yanamtazama nani. Akatazama pia upande aliko mwanawe, ambaye alikuwa akizungumza na simu kwa sauti kubwa.

"Wambua," akasema kwa sauti ya chini. "Mtoto wa ndugu ya chifu. Alikuwa anachunga mbuzi ya hapa. Sasa anachonga kule Wamunyu. Enda leo. Kesho ni mbali."

Hidaya alijiuliza njia nzima. Ndunda alikuwa na binamu aliyeona kwa macho, na hakumtaja. Pengine hakujua. Lakini Mbula, mama yake Ndunda, ndiye aliyemtaja, na amemtaja bila kubembelezwa. Mtu aliye upande wa kushinda hamtafutii mpinzani wake shahidi.

Gari lake la Probox liliteremka hadi mto mkavu na kuvuka juu ya ukuta wa mawe. Hilo ndilo bwawa la mchanga la Mulwa. Juu ya ukuta mchanga ulikuwa umejaa hadi ukingoni, na chini ya mchanga maji yalikuwa yamejificha jua lisiyaone. Wanawake walikuwa wamefukua kisima kidogo wakijaza mitungi, na ilikuwa miezi ya kiangazi ambapo kwingine watu walikuwa wakiamka alfajiri kutafuta malori ya maji. Mulwa ndiye aliyewaita watu wa huku kwenye mwethya, ile kazi ya pamoja, akabeba mawe mbele yao hadi ukuta ukasimama. Hidaya alisimamisha gari akashuka, kwa kweli ili tu autazame.

"Huyu Mulwa alikuwa mwana wa chifu kabisa," mmoja wa wanawake akamwambia. "Damu haifichiki."

"Nani alikuambia?"

"Si unaona maji?"

Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, Hidaya alishindwa amweke wapi shahidi huyo, kulia au kushoto.

Wamunyu ilikuwa inanuka mti wa muhugu uliochongwa. Chini ya mabati marefu, wanaume walikuwa wameketi katikati ya twiga wasio na masikio na viboko wasio na miguu, kila mmoja na panga lake dogo. Wambua aliketi mwishoni. Mikono haikuwa na nguvu ya panga tena, kwa hiyo alipewa kupiga msasa, na twiga aliyempitia alitoka aking'aa. Hidaya alimsalimu kwa Kikamba, akajitambulisha, akasema nani amemtuma.

"Mbula amekutuma?" Mzee aliacha kusugua. "Mbula mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi kaa."

Hidaya akakaa juu ya gogo. "Mzee, uliwahi kuchunga mbuzi wa chifu?"

"Mbuzi ya Mama Kamanthe. Hapo usikosee. Chifu alikuwa na ng'ombe. Mbuzi ilikuwa ya yule mama, alilima, akauza, akanunua, na jasho yake."

"Na Kavindu?"

"Mimi ndiye nilienda kumchukua." Alisema kama mtu anayetaja cheo. "Nilikuwa kijana mdogo. Mama Kamanthe aliingia zizini asubuhi, akachagua mbuzi tatu, nzuri, hakuna kilema. Akaniambia, Wambua, fuata hizo. Tukatembea kutoka Ndithini hadi hapa, kwao Kavindu ni huko nyuma ya hiyo kilima. Kwani unafikiri nilijuaje Wamunyu? Nilikuja na hizo mbuzi."

"Mbuzi watatu," Hidaya alisema.

"Tatu. Unajua hiyo ni nini?"

"Ntheo."

"Ii! Sasa wewe ni mtu wa hapa." Mzee alifurahi, akaweka twiga chini. "Bila ntheo msichana ni mgeni, hata mkae naye mpaka mzeeke. Ukipeleka ntheo ikapokewa, ni bibi. Ni bibi hata mkikosana, hata ukienda Mombasa usirudi. Watoto wake ni wa ile nyumba ilileta mbuzi. Hakuna mtu atawatoa."

Hidaya alihisi kesi ikikaa sawa. Kavindu hakuwa mfanyakazi. Alikuwa mke mwingine wa chifu, aliyeolewa kwa siri.

"Kwa hiyo chifu alimuoa Kavindu, na akamtuma mkewe mkubwa apeleke mbuzi."

Wambua alimtazama kidogo, kisha akacheka. Alicheka hadi wachongaji wa jirani wakageuka, akapangusa macho kwa mkono wenye vumbi la mti, akazidi kujichafua.

"Chifu! Mama, chifu alikuwa mzee wa kanisa kule misheni. Siku hiyo alikuwa amejifungia nyumbani na Biblia. Mimi nakuambia mbuzi ilikuwa ya nani, na wewe hausikii."

Hidaya akayaona tena makaburi mawili ndani ya uzio mmoja wa mawe meupe. Mbuzi wa nani, nyumba ya nani. Jibu alikuwa ameligusa kwa mikono yake asubuhi ile, na hakulisoma.

"Mama Kamanthe ndiye aliyeoa," akasema.

"Ndiye alikaa mahali ya mwenye kuoa. Wazee wa hapa wakamwuliza, unataka huyu? Akasema nataka. Kavindu akaulizwa, unaenda na huyu mama? Akasema naenda. Alikuwa iweto wake. Mama hana mtoto, ako na mali yake, anaoa msichana, msichana anamzalia nyumba. Hiyo sio kitu ya ajabu. Babu zetu walifanya."

"Na baba wa mtoto?"

"Hiyo hatuulizi." Uso wa mzee ulikuwa mkavu sasa. "Kavindu alijua, imetosha. Ukiuliza, umetukana nyumba ya mtu."

"Basi mbona watu wote husema Mulwa ni mtoto wa chifu na kijakazi?"

"Watu walisema kwa sababu hawakuambiwa. Misheni ilikuwa imekataza hiyo maneno ya iweto. Ingejulikana, chifu angefukuzwa kanisa. Dhambi ya mwanaume misheni ilikuwa inasamehe, desturi haikusamehe; huo uzee wa kanisa aliacha baadaye, alipoleta Mbula. Mama Kamanthe akasema tunyamaze, tusimwaibishe bwana. Mtoto akazaliwa, watu wakaona mtoto ndani ya boma, wakasema ni wa mzee. Chifu akasikia. Hakukataa. Alitembea hata kifua mbele zaidi. Mwanaume gani atakataa kusemwa hivyo?"

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili lilikuja, likakaribishwa, likapewa na kiti. Hidaya alikuwa amewahi kufichua watu waliobomoa benki na watu walioghushi wosia, lakini mpango safi kama wa mwanamke huyu hakuwahi kuuona. Kamanthe alijaza nyumba yake kwa mali yake mwenyewe na kwa sheria ya kwao, na kwa kunyamaza tu akamfunika mumewe dhidi ya kanisa na dhidi ya jambo jingine, ambalo mke wa miaka mingi lazima aliligundua kabla ya mtu yeyote.

Jambo hilo jingine lilimjia Hidaya polepole, na hakulipenda.

"Mzee Wambua. Chifu alikaa na Mama Kamanthe muda mrefu bila mtoto?"

"Mrefu."

"Na alipomuoa Mama Mbula, Ndunda alizaliwa mara moja?"

"Alikawia."

"Alikawia sana? Na baada ya Ndunda hakuna mwingine?"

Wambua alimchukua twiga wake, akampuliza vumbi shingoni.

"Wewe uliuliza juu ya mbuzi," akasema. "Mbuzi nimemaliza."

Hidaya aliinuka, akakung'uta buibui. "Utakuja nami Ndithini uyaseme hayo ya mbuzi?"

"Nilikuwa nangoja mtu aniulize," akasema mzee, akaitafuta fimbo yake.

Walifika jua bado likiwaka. Ndunda aliposikia gari alitoka upesi, akamwona binamu yake akiteremka kwa fimbo, akasita. Hidaya aliomba wakae barazani watu watano tu: yeye, Wambua, Ndunda, Syokimau, na Mama Mbula ambaye hakuwa ameondoka mkekani pake. Ungo ulikuwa bado mapajani.

Wambua alisema yote ya mbuzi. Alisema vizuri, bila kuongeza. Alipotamka iweto, Syokimau alishika mdomo.

"Kwa hivyo baba..." alianza.

"Baba yako alikuwa mtoto wa Mama Kamanthe," akasema Hidaya. "Si wa kuokotwa, wala si wa kuibia. Mama huyo alioa ili yeye azaliwe. Watoto wachache sana waliwahi kutakwa hivyo."

Syokimau alianza kulia tena, lakini kilio hiki kilikuwa kingine, na Hidaya alifurahi kukisikia.

Ndunda alisimama. "Madam, nimekulipa uniletee hadithi ya wazee wetu? Hiyo ni mambo ya zamani. Siku hizi ni damu. Nitawaambia wazee hivyo kesho: mwenye damu ya Mutuku abaki, asiye na damu aende. Kwisha!"

"Hayo ndiyo utakayosema?"

"Hayo hayo."

"Basi ngoja nikuonyeshe shimo lililo katika kipimo chako, kabla wakili wa mtu hajaliona." Hidaya alisema kwa upole, kwa kuwa alijua anapokwenda. Kama ingewezekana kufika kwa njia nyingine, angeifuata. "Kililinganisha mate yako na sampuli ya Mulwa. Kimesema hamna baba mmoja. Hakikusema zaidi. Damu ya chifu mwenyewe haikupimwa, haiko. Wakitaka damu, wataitafuta kwa ndugu yake chifu, na ndugu yake alikuwa na mtoto mmoja wa kiume." Akamwelekezea Wambua kidevu. "Mzee huyu akitoa mate, tutajua damu ya nyumba hii ikoje. Nitayapeleka Nairobi mimi mwenyewe. Tutalinganisha na Mulwa." Akamgeukia. "Na wewe."

"Pima!" Ndunda alicheka. "Pima hata sasa hivi. Wambua, toa mate!"

Wambua aliiangalia fimbo yake.

Hapo Hidaya alitambua kwamba mbaazi zimeacha kusikika. Vidole vya Mama Mbula vilikuwa vimesimama katikati ya ungo.

"Ndunda."

"Mwaitu?"

"Wacha hiyo maneno ya mate."

"Mama, tumebakisha kidogo tu, tunashinda..."

"Mimi nililetwa hapa na mbuzi ngapi?"

Ndunda alimgeukia, bado na kicheko usoni kisichojua kiende wapi. "Tatu. Si ntheo ni tatu?"

"Na Kavindu?"

Ndunda alimtupia Wambua jicho.

"Umesikia Wambua. Kavindu alikuja na ngapi?"

"Tatu, mama."

"Mimi nilikuwa msichana tu, nililetewa mzee amechoka, na watu wanangoja tumbo yangu kila mwezi," akasema Mama Mbula. Hakuinua sauti. "Kamanthe alijua yangu, na hakufungua mdomo hata siku moja. Alikuja na uji, akakushika, akasema, mtoto wa nyumba yetu amekuja. Wewe ni wa Mutuku, kwa sababu mbuzi yangu ilipokewa. Mulwa ni wa hapa, kwa sababu mbuzi ya Kamanthe ilipokewa. Ukirusha hizo mbuzi zake, rusha na zangu."

Ndunda alimtazama mama yake, kisha akamtazama Wambua, na Wambua naye akamtazama bila ubaya wowote, kama alivyomtazama tangu alipozaliwa. Uso wa Ndunda ulifanya kazi nzito kwa muda mfupi. Hidaya aligeuka akatazama ua. Kuna mahali ambapo mpelelezi hana haki ya kuangalia. Alimkumbuka nyanya yake wa Mombasa aliyependa kusema kitanda hakizai haramu. Zamani alidhani ni msemo wa kuwafunika wenye makosa. Leo aliona ni paa, na kwamba wanawake wawili walikuwa wamelishikilia kila mmoja upande wake, miaka yote hiyo, na wanaume wakilala chini yake bila kunyeshewa.

Ndunda aliichukua ile bahasha, akaikunja mara mbili, akaiweka ndani ya jiko la mkaa ambalo akina mama walikuwa wakipikia chai. Kisha akavua koti. Alishuka barazani, akapita nyuma ya nyumba kwa viatu vyake vya Mlolongo, na wote wakamfuata hadi makaburini isipokuwa Mama Mbula, ambaye mbaazi zake zilianza tena kusikika.

Aliingia ndani ya lile shimo. Mgomba ulikuwa mzito, umejaa maji, ukimteleza mikononi. Alijaribu mara ya kwanza, ukaanguka, akajaribu tena, shati likachafuka kifuani. Hapo akainua kichwa na kumtafuta Syokimau kwa macho.

"Shika upande huo, mwana wa ndugu yangu," akasema. "Tumtolee baba yako mahali pake."